Makosa 152 ya Los Alamos: kisa cha kumbukumbu ya Cray-1

Mwaka 1976 kompyuta ya kwanza kabisa ya aina ya Cray-1, yenye namba 1, ilifungwa Los Alamos, jimbo la New Mexico, Marekani. Ilipelekwa kwa majaribio ya miezi sita. Kampuni ya Cray Research ilikuwa na umri wa miaka minne tu na haikuwa imeuza hata mashine moja, lakini jina la Seymour Cray, mwanzilishi wake na mbunifu wa mashine hiyo, lilitosha: maabara mbili za silaha za nyuklia, Los Alamos na Lawrence Livermore, ziligombea mashine hiyo moja, na Los Alamos ikaipata.

Kwa kasi, hakuna aliyekuwa na la kulalamika. Hapakuwa na kompyuta duniani ya kushindana nayo. Ila katika miezi ile sita kumbukumbu yake iliripoti makosa 152. Ukigawanya, ni karibu kosa moja kila siku. Mahali biti ilipoandikwa 0 pakasomwa 1, au kinyume chake, na mafundi walipoipima chipu iliyohusika waliikuta nzima.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia kumbukumbu ya vichakataji vya kasi, mazungumzo yote huwa ni nanosekunde na gigabaiti kwa sekunde. Hayo ni ya lazima, na nitaanza nayo. Lakini mwenye kubuni kumbukumbu ana swali la pili, ambalo Cray alilijibu kwa namna moja 1975 na kulazimika kulijibu kwa namna nyingine 1977: mashine ifanye nini siku kumbukumbu itakaporudisha kitu ambacho hakikuandikwa?

Kulisha kichakataji

Saa ya Cray-1 ilipiga mara milioni 80 kwa sekunde, yaani kila mpigo ulichukua nanosekunde 12.5. Chipu zake za kumbukumbu, kila moja ikibeba biti 1,024, zilikuwa za bipola, aina ya haraka na ghali kwa wakati huo. Hata hivyo, ukishaigusa chipu moja ulisubiri nanosekunde 50 kabla ya kuigusa tena. Hiyo ni mipigo minne. Kichakataji kinataka neno jipya, yaani kifungu cha biti 64, kila mpigo. Kumbukumbu inaweza kulitoa kila mipigo minne. Pengo hilo ndilo kazi yenyewe ya mbunifu.

Mtazame mama anayepika chapati. Chapati moja inakaa dakika nne kwenye tawa. Akiwa na tawa moja, wateja watapata chapati moja kila dakika nne. Akiwa na tawa nne na akizipokeza kwa zamu, atatoa chapati kila dakika moja, ingawa kila chapati bado inakaa motoni dakika zake nne. Hakuharakisha moto. Aliongeza tawa na akajua kupanga zamu.

Kumbukumbu ya Cray-1 iligawanywa hivyo hivyo katika benki 16. Neno la kwanza liko benki ya 0, la pili benki ya 1, hadi la kumi na sita benki ya 15, kisha la kumi na saba linarudi benki ya 0. Ukisoma maneno yanayofuatana, unapoifikia tena benki ya 0 imeshapumzika muda mrefu.

Mtu atauliza: kama mipigo ni minne, si benki nne zingetosha? Kwa data zingetosha, endapo tu zinasomwa kwa mfuatano. Jibu liko kwenye maagizo ya programu. Cray-1 ilikuwa na vihifadhi vinne vya maagizo, kila kimoja kikibeba maneno 16, na kilipojazwa kilijazwa kwa maneno manne kila mpigo. Maneno manne kwa mpigo, kwa mipigo minne ambayo benki inahitaji kupumzika: jumla benki 16, kila moja ikitoa neno moja tu. Hesabu hiyo hainichoshi. Ukubwa wa kihifadhi, idadi ya benki na muda wa chipu kupumzika vimekaa pamoja kama jino na ufizi.

Mpango huo ulikuwa na pa kuteleza, na waandishi wa programu za Fortran, lugha ya hesabu za kisayansi, walipajua haraka. Chukua jedwali la safu mlalo 64 kwa safu wima 64. Fortran hulihifadhi wima kwa wima, kwa hiyo ukitaka kusoma mlalo mmoja unaruka maneno 64 kila hatua. Sitini na nne inagawanyika kwa 16 bila baki, na maana yake kila neno unalolitaka liko kwenye benki ile ile. Mama ana tawa 16 lakini wateja wote wanang'ang'ania chapati ya tawa moja. Kasi inashuka hadi robo. Dawa yao ilikuwa rahisi mno: tangaza jedwali lenye milalo 65 badala ya 64, uuache mlalo mmoja mtupu. Sasa unaruka 65, kila hatua inasogea benki moja, na kasi yote inarudi. Mlalo mmoja uliopotea ulilipa mara nne.

Cray hakuweka kache ya data, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka inayotunza nakala za data za karibu. Badala yake alimpa mwandishi wa programu rejista nyingi, vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya kichakataji chenyewe: rejista nane za vekta (mfululizo wa namba), kila moja ikibeba namba 64 za biti 64, na vihifadhi vingine viwili vya rejista 64 kila kimoja vya kuweka vitu vya karibu. Sababu inaonekana kwa hesabu fupi. Mashine iliweza kujumlisha na kuzidisha kwa pamoja, hesabu milioni 160 kwa sekunde, lakini njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ilipitisha maneno milioni 80 tu. Kujumlisha vekta A na B na kuandika C kunahitaji maneno matatu kwa kila jumla. Kama kila kitu kingetoka na kurudi kwenye kumbukumbu, ungebaki na hesabu milioni 27 kwa sekunde, chini ya moja ya tano ya uwezo. STAR-100 ya Control Data, iliyotoka kabla yake kidogo, ilichota vekta moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu na ikaumia kwa hilo, hasa kwa vekta fupi. Rejista za vekta ziliiwezesha Cray-1 kuchota mara moja na kutumia mara nyingi. Bado njia ile moja ilibana, na mrithi wake wa 1982, X-MP iliyobuniwa chini ya Steve Chen, alipewa njia mbili za kusoma na moja ya kuandika kwa kila kichakataji.

Basi huo ndio upande wa kasi, na kwa maoni yangu Cray aliupatia. Hakuna sehemu ya kumbukumbu ile iliyowekwa kwa mazoea.

Kengele bila dawa

Sasa tuingie kwenye swali la pili.

Kompyuta maarufu ya Cray ya mwaka 1964, CDC 6600, haikuwa na ukaguzi wowote kwenye kumbukumbu yake kuu. Biti ikigeuka, imegeuka. Hesabu inaendelea na jibu linatoka limekosewa bila dalili. Cray-1 ya kwanza ilikuwa afadhali, kwa kuwa ilikuwa na pariti. Pariti ni hesabu ya mtoto wa shule: unapoandika data unahesabu 1 ziko ngapi, kisha unaongeza biti moja ili jumla iwe shufwa. Unaposoma unahesabu tena. Ukikuta witiri, unajua biti moja imegeuka. Ni ipi, hujui. Huna la kufanya ila kuisimamisha kazi.

Kusimamisha kazi si jambo dogo mahali kama Los Alamos, ambako hesabu moja ya mlipuko au ya mwendo wa gesi inaweza kukimbia saa nyingi. Kosa likitokea, unarudi mahali pa mwisho ulipohifadhi hali ya kazi, na kama hukuhifadhi unaanza upya. Mashine ya haraka kuliko zote duniani, inayosimama karibu kila siku kwa sababu ya biti moja kati ya mamilioni.

Kosa lenyewe lilikuwa la aina inayomtesa fundi. Chipu iliyokufa ni rahisi: unaipima, haijibu, unaibadilisha. Hizi zilijibu. Ukiandika tena mahali pale pale, biti inakaa vizuri, leo, kesho na wiki ijayo. Halafu kosa linatokea kwenye chipu nyingine, benki nyingine, saa nyingine.

Lazima tumtendee haki Cray hapa. Pariti ilikuwa uamuzi wenye sababu. Kila biti ya ukaguzi ni chipu za ziada, na kila chipu ya ziada inataka nafasi, umeme na freoni ya kuipoza, katika mashine iliyokunjwa kwa umbo la herufi C ili waya wake mrefu kuliko wote usizidi mita 1.2 hivi. Kila hesabu ya kukagua inakaa katikati ya chipu na rejista, mahali ambapo nanosekunde moja inauma. Mtu anayepigania nanosekunde 12.5 ana haki ya kuuliza kama mzigo huo unastahili kubebwa.

Lakini dawa ilikuwa inajulikana, na Los Alamos hasa walikuwa wanaijua. Mwaka 1961 maabara hiyo hiyo ilipokea IBM 7030, iliyoitwa Stretch, na neno la kumbukumbu yake lilikuwa na biti 72: 64 za data na 8 za kusahihisha makosa. Miaka kumi na mitano kabla ya Cray-1 walikuwa wameshakaa na mashine inayojirekebisha yenyewe. Wakionja tena mashine inayosimama, walijua wanachokikosa.

Biti nane zinazojua mahali

Dawa hiyo ilitokana na hasira ya mtu mmoja. Richard Hamming wa Bell Labs, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa akiacha kazi zake zikimbie mwishoni mwa wiki kwenye mashine ya relei, yaani swichi za sumaku-umeme. Mashine ile iliweza kugundua kosa. Ikiligundua, na hakuna mtu wa kuishughulikia, iliiacha kazi na kurukia inayofuata. Akarudi Jumatatu akakuta hakuna kilichofanyika, zaidi ya mara moja. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulirekebisha? Jibu lake lilichapishwa 1950, na ni zuri kiasi kwamba linafaa kuonyeshwa kwa mkono.

Chukua biti nne za data: 1, 0, 1, 1. Panga nafasi saba, kuanzia 1 hadi 7. Nafasi 1, 2 na 4 ziachie wakaguzi. Data iweke nafasi 3, 5, 6 na 7. Mkaguzi wa 1 anasimamia nafasi 1, 3, 5 na 7. Mkaguzi wa 2 anasimamia 2, 3, 6 na 7. Mkaguzi wa 4 anasimamia 4, 5, 6 na 7. Kila mmoja anachagua biti yake ili jumla ya kundi lake iwe shufwa. Ukifanya hesabu, wakaguzi wanapata 0, 1 na 0, na neno zima linakuwa 0110011.

Sasa geuza nafasi ya 6: linakuwa 0110001. Waite wakaguzi. Wa 1 anahesabu kundi lake, anakuta 1 mbili, anasema salama. Wa 2 anakuta tatu, analalamika. Wa 4 anakuta moja, analalamika. Jumlisha namba za waliolalamika: 2 na 4 ni 6. Wamekuonyesha nafasi yenyewe. Igeuze biti ya 6, neno limepona, na programu haitajua kwamba kulikuwa na tatizo.

Kwa biti 64 za data unahitaji wakaguzi saba, kwa sababu namba zao lazima zitoshe kutaja nafasi zote pamoja na hali ya kutokuwa na kosa. Ukimwongeza wa nane, anayehesabu neno zima, unaweza pia kutofautisha kosa moja na makosa mawili: moja unalisahihisha, mawili unapiga kengele. Biti 72 kwa jumla, kama zile za Stretch.

Huo ndio msimbo ulioingia kwenye Cray-1 baada ya majaribio ya Los Alamos. Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Angahewa, NCAR, kilichoko Boulder, Colorado, kilipopokea mashine namba 3 mwaka 1977 na kuwa mteja rasmi wa kwanza, kwa dola milioni 8.86 pamoja na diski, kumbukumbu yake ilikuwa na maneno ya biti 72. Gharama yake unaweza kuihesabu mwenyewe. Cray-1 yenye kumbukumbu kamili ya maneno 1,048,576 ilihitaji chipu 65,536 kwa data peke yake. Wakaguzi waliongeza chipu 8,192 zisizobeba hata herufi moja ya mtumiaji.

Kuna jambo la umbo hapa ambalo huwa linapitwa haraka, na mimi naliona ndilo lililofanya dawa ifae. Chipu zile zilitoa biti moja moja. Biti 72 za neno moja zilitoka kwenye moduli 72 tofauti, kila moduli ikichangia biti moja. Kwa hiyo hata chipu nzima ikifa, kila neno linapoteza biti moja tu, na biti moja ndiyo hasa msimbo unayoweza kuirudisha. Hesabu ya Hamming inaahidi kusahihisha kosa moja kwa neno. Mpangilio wa chipu ndio unaohakikisha makosa yanakuja moja moja. Miaka ya baadaye chipu zilipoanza kutoa biti nne au nane kwa pamoja, ahadi hiyo ilivunjika, na wabunifu wa seva wakalazimika kutafuta misimbo mizito zaidi inayostahimili kifo cha chipu nzima.

Na kama una seva ya zamani karibu, fungua uichomoe RAM yake. Kwa RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ya aina ya DDR3 au DDR4, utahesabu chipu nane upande mmoja. Ya seva, iliyoandikwa ECC, yaani yenye kusahihisha makosa, mara nyingi utahesabu tisa. Nane zinatoa biti 64 na ya tisa inatoa biti nane za wakaguzi. Sabini na mbili. Ninayo moja mezani ninapoandika, imeondolewa kwenye mashine iliyotumika miaka mingi, na kila ninapoihesabu nafikiria Boulder 1977. Wengi wetu tunaponunua mashine za mtumba, iwe River Road au Kariakoo, tunauliza gigabaiti na kasi. Chipu ya tisa haiulizwi, na mashine hiyo hiyo inakwenda kutunza hesabu za SACCO.

Kilichokuwa kinapiga

Mwaka 1976 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni nini kilikuwa kinazigeuza biti zile. Miaka miwili baadaye, 1978, Timothy May na Murray Woods wa Intel walieleza chanzo kimoja: chembe za alfa kutoka kwenye chembechembe za urani na thori zilizomo katika vifuniko vya chipu vyenyewe. Mwaka 1979 James Ziegler wa IBM na William Lanford walionyesha kwa hesabu kwamba hata miale kutoka anga za mbali ingeweza kufanya hivyo hapa chini.

Njia yake ni hii. Protoni zenye nguvu nyingi zinaigonga hewa ya juu na kuzaa mvua ya chembe nyingine, zikiwemo neutroni. Neutroni haina chaji, kwa hiyo inapenya dari, zege na kifuniko cha chipu bila kujali. Mara chache sana inagonga kiini cha atomu ya silikoni na kukivunja, na vipande vyake vyenye chaji vinaacha mkondo mfupi wa umeme. Ukipita karibu na selo ya kumbukumbu, 0 inakuwa 1. Chipu haiharibiki. Ndiyo maana fundi hakukuta kitu.

Hewa ni blanketi, na kadiri unavyopanda ndivyo blanketi linavyopungua. Los Alamos iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na neutroni za aina hii huko ni mara tano au zaidi ya zile za pwani. Boulder nayo iko juu ya mita 1,600. Mashine mbili za kwanza kwenda kwa wateja zilipelekwa milimani, pale tatizo linapoonekana haraka zaidi. Nairobi pia iko juu, ingawa sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu nyingine: usumaku wa dunia huzuia miale mingi zaidi huku kuliko karibu na ncha.

Kosa lile lile, mlango mwingine

Ungedhani baada ya hapo Los Alamos jambo hili limekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ilifunga kompyuta kuu iliyoitwa Q, yenye seva 2,048 za AlphaServer ES45, kila moja na vichakataji vinne vya Alpha. Mwaka 2003 ilikuwa ya pili duniani kwa kasi. Kumbukumbu kuu ilikuwa na wakaguzi wake. Data ndani ya kache nazo zilikuwa nao. Na bado seva zilianguka mara kwa mara kuliko ilivyotarajiwa.

Tatizo lilikuwa kwenye lebo za kache ya nje ya kichakataji. Kache inahifadhi nakala ya data za karibu, na kwa kila nakala kuna lebo inayosema imetoka anwani gani katika kumbukumbu kuu. Lebo hizo zililindwa kwa pariti tu. Ifikirie bahasha yenye barua muhimu: barua yenyewe iko salama, hata herufi haijafutika, lakini anwani juu ya bahasha imemwagiwa maji. Ikiwa kichakataji kilikuwa kimebadilisha data ile na bado hakijairudisha kwenye kumbukumbu kuu, nakala sahihi ni hiyo moja, na hakuna anayejua pa kuirudisha. Seva haina njia ila kuanguka.

Wahandisi walizipeleka seva za aina hiyo kwenye mwali wa neutroni wa LANSCE, kituo kilicho pale pale Los Alamos, wakazipiga kwa wingi ili saa chache zilingane na miaka ya maisha ya kawaida. Walichokiona kililingana na kuanguka kwa Q kwenyewe. Takriban miaka 27 ilikuwa imepita, na pariti ilikuwa imerudi kwenye kilima kile kile. Safari hii ilijificha kwenye sehemu ndogo ambayo mbunifu aliitazama kama kibandiko tu.

Naona hapo ndipo uzito wa kisa ulipo kwa anayebuni leo. Kumbukumbu ya kichakataji cha sasa ni ngazi nyingi: rejista, kache mbili au tatu, lebo zake, foleni za maandishi yanayosubiri, jedwali za anwani, nyaya za kwenda kwenye chipu. Kila ngazi inaongezwa kwa ajili ya kasi, na mara nyingi na watu tofauti. Kila mmoja anauliza data yake inakaa wapi. Swali la nani atarudisha nakala pekee iliyobaki halina mwenyewe mpaka mtu alichukue kwa makusudi na kupita nalo ngazi kwa ngazi, hadi kwenye lebo.

Mwaka huo huo wa 2003 chuo cha Virginia Tech kiliunganisha Power Mac G5 1,100 na kupata kompyuta ya tatu kwa kasi duniani, kwa bei ndogo ya kushangaza. Kumbukumbu za mashine hizo hazikuwa na wakaguzi. Mwaka uliofuata zilibadilishwa zote kwa Xserve G5 zenye kumbukumbu za ECC.

Kurudi kwenye daftari

Sehemu ninayoipenda zaidi ilitokea 2010. Kundi la watafiti, likiongozwa na Eugene Normand, lilirudi kwenye kumbukumbu za maandishi za majaribio ya 1976 na kuyachambua yale makosa 152 kwa elimu ambayo waliokuwepo wakati ule hawakuwa nayo: unyeti wa chipu za bipola za aina ile, wingi wa neutroni katika mwinuko wa Los Alamos, muda mashine ilipokuwa ikifanya kazi. Hesabu yao ilifikia kwamba kiwango kile kinalingana na kile ambacho neutroni kutoka angani zingeleta. Waliiita rekodi ya kwanza ya kugeuka kwa biti kwa sababu ya miale hiyo hapa ardhini, miaka mitatu kabla ya andiko la Ziegler na Lanford.

Waliweza kuhesabu kwa sababu moja tu. Mashine namba 1 ilikuwa na pariti. Haikuweza kuponya, ila kila mara ilisimama na kusema, na mtu akaandika. Kama Cray angeijenga kama 6600, bila ukaguzi wowote, neutroni zile zile zingepiga chipu zile zile, hesabu zingeendelea hadi mwisho, majibu yangechapishwa, na daftari la 2010 lingekuwa jeupe.